Dkt. Irene Rautio Anaziaga Shingo Zetu

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, Dkt. Irene Rautio anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya upasuaji wa uti wa mgongo katika Hospitali ya Mtakatifu Brigida, Thunder Bay. Alipokuja mwaka 1995, wagonjwa wetu wa shingo walipandishwa ndege kwenda Toronto. Yeye alisema watu hawa wana mashamba, magari ya magogo na wajukuu, basi watibiwe karibu na kwao. Wakatibiwa.

Wageni humwogopa siku ya kwanza. Ni binti wa mkata miti, sauti yake husikika hadi sehemu ya maegesho, na kahawa yake huweza kusimamisha kijiko. Ole wako akukute korido umeinamia simu. "Inua kichwa wewe! Kichwa kizito kama tufe la bolingi, unakiinamisha kwa ajili ya picha ya paka?" Mapokezi wanaapa kwamba hata wagonjwa waliokuja kutibiwa goti hukaa wima wakimwona anapita.

Wagonjwa aliwaeleza ugonjwa wao kwa biskuti mbili zilizopakwa jamu katikati. Biskuti ni pingili za shingo, jamu ni diski. Miaka ikienda, diski hukauka na kusinyaa, nyingine hutokeza pembeni ikagusa mshipa wa fahamu, na mkono ukaanza kufa ganzi. Akimaliza, alikula mfano wake.

Majira ya baridi ya mwaka 2017, ugonjwa huo ukamfika yeye mwenyewe. Alikuwa katikati ya upasuaji, akaweka chombo chini taratibu. "Clayton, malizia wewe," alisema. "Kidole gumba changu kimelala." Dkt. Clayton Wabasse, ambaye Dkt. Rautio alimfundisha tangu akiwa mwanagenzi, alimaliza kazi vizuri. Miaka yote ya kuinama juu ya shingo za watu ilikuwa imeila ya kwake.

Alijaribu kwanza yale anayowaagiza wengine: mazoezi, dawa, sindano. Kwa wengi hayo hutosha. Kwake hayakutosha, mkono ulizidi kulegea mpaka kikombe kikamponyoka mezani. Ndipo akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, na Clayton akaketi kwenye kile cha daktari.

"Niwekee diski bandia," alisema kabla hajaulizwa. "Nataka shingo inayogeuka."

"Hapana, mama. Viungo vyako vya nyuma vimeshachakaa. Diski bandia itacheza juu ya viungo vibovu, na maumivu yatabaki palepale."

"Basi pitia nyuma, upanue tundu la mshipa. Diski iache."

"Kinachobana kiko mbele, tena katikati. Nikipitia nyuma nitakuwa nafagia uani na uchafu uko sebuleni. Nitapitia mbele, nitoe diski, niweke kipande cha mfupa, niziunganishe pingili kwa bamba na skrubu. Utapoteza kugeuka kidogo. Mkono una nafasi nzuri ya kurudi, ila siwezi kukuapia."

"Nani alikufundisha ujeuri huu?"

"Wewe."

Alicheka mpaka akashika shingo. Lakini asubuhi ya upasuaji, nilipokuwa namfunga kamba za gauni, aliutazama mkono wake akaniuliza, "Bernadette, huu usiporudi, mimi ni nani?" Nilifunga kamba, nikamshika bega.

Clayton alifanya alivyosema. Kwa wiki kadhaa Dkt. Rautio aliongea kwa kunong'ona, jambo linalowapata baadhi ya waliopasuliwa kwa mbele, na idara yetu haijawahi kuwa tulivu vile. Mkono ulirudi polepole: ulimenya viazi kwanza, halafu ukafunga mafundo ya uzi kwenye ukingo wa kitanda, siku baada ya siku. Mwaka uliofuata alirudi chumba cha upasuaji, Clayton amesimama upande wa pili wa meza kama mwangalizi. Ncha ya kidole gumba ina ganzi hadi leo, naye huwaambia wagonjwa hivyo bila kuwaficha.

Ila alirudi akiwa mtu mwingine. Zamani alizieleza njia za upasuaji akiwa amesimama mlangoni. Sasa alivuta kiti, akaonyesha kovu lake, akangoja hadi mgonjwa aulize lile swali analoliogopa. Pia alipigana na uongozi mpaka meza zote za upasuaji zikainuliwa. Shingo nyingi za wauguzi wa hapa ziko salama kwa sababu ya vita ile.

Sasa anahamia kwenye nyumba yao ya ziwani Shebandowan, kwenye sauna na samaki. Mumewe, Walter, ametuomba tumzuie hata mwezi mmoja zaidi.

Daktari, asante kwa mikono yako, na kwa kelele zako. Maisha yako ya mapumziko yawe mema na marefu. Leo ukumbini, ukisimama kuaga, wapo watakaogeuza shingo kukutazama. Na wapo watakaogeuza mwili mzima, kwa kuwa pingili zao ni wewe uliyeziunganisha. Hao ndio watakaopiga makofi kwa nguvu zaidi, kwa mikono yote miwili.

Bernadette Kozak, Muuguzi, Chumba cha Upasuaji