Historia ya Sindano na Masomo Yaliyobanwa

Ndugu, majirani na marafiki, historia hii imeandikwa na mama mzazi wa marehemu, inasomwa na shangazi yake, kwa sababu mama amesema akiisoma mwenyewe atasema zaidi ya yaliyoandikwa.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Sindano kwa wembamba wake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa kwanza kati ya wawili, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni hadi mwaka 2008, ambako hesabu alifaulu, kutandika kitanda kulimshinda. Mdogo wake wa kike alipopoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 2003, Sindano ndiye wa kwanza nyumbani kujifunza lugha ya alama, na hao wawili wakawa wanamsengenya mama yao mezani, mbele ya macho yake.

Mwaka 2012 aliajiriwa na kituo kinachorekodi masomo ya viziwi, kazi yake kuandaa video za kuingia kwenye simu za wanafunzi. Kwa wasioijua kazi hiyo, video haihifadhi kila picha nzima, huweka picha kamili moja, kisha hurekodi mabadiliko tu mpaka picha kamili nyingine, na anayerudisha nyuma hutua kwenye picha kamili. Picha kamili zikiwa nyingi, faili huwa zito na kumaliza bando, zikiwa chache, faili huwa jepesi, lakini mwanafunzi anayetaka kurudia alama moja hutupwa mbali nayo. Marehemu alihangaika kupata kipimo, akimjaribishia mdogo wake, ambaye alimwambia kwa mikono kuwa video zake zinaruka kama panzi, hadi akaamua kwamba palipo na mikono inayoongea iwekwe picha kamili kila sekunde, palipo na maandishi yaliyotulia, kila sekunde kumi.

Alifunga ndoa Desemba 2017, wakajaliwa binti mmoja mwaka 2019.

Juni 2023 aligundulika ana ugonjwa wa figo. Mkurugenzi wa kituo alifika wodini mara moja tu, kompyuta mkononi, bila hata chungwa, akimtaka ayabane masomo yote, faili ziwe nyepesi, kwa kuwa nafasi ya kuhifadhi imejaa. Mgonjwa alimjibu kwamba bosi, nafasi itatafutwa, lakini mtoto aliyeikosa alama kwenye video haji kukuuliza, anaacha shule tu. Mkurugenzi akacheka, akamwambia apone kwanza, na wiki ile ile akaamuru masomo yote yabanwe, picha kamili kila sekunde ishirini. Mdogo wa marehemu, anayesomea ufamasia kwa masomo hayo hayo, aliketi kando ya kitanda akirudisha video nyuma aione tena alama ya kipimo cha dawa, simu ikamtupa kwenye sentensi nyingine, akarudia, ikamtupa tena, na kaka yake anatazama. Mama aliuona uso wa Sindano saa ile, na hajamsamehe mkurugenzi. Sindano alifariki tarehe 9 Februari 2024, saa kumi alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliosema ukweli bila kuzungukazunguka, majirani waliotufulia na kutupikia, na wafanyakazi wenzake, hasa mpiga picha aliyetunza nakala za masomo kabla hayajabanwa, hivyo asije mtu kutuambia yamepotea. Mkurugenzi, ambaye amekaa kiti cha mbele, aliomba dakika tano za kumsifu marehemu. Familia haikumpangia. Ayarudishe masomo kama marehemu alivyoyaacha, sifa hizo tutazisikiliza.

Mama anasema, lala salama mwanangu, umechoka, haya mengine niachie mimi.