Pawasaplai ya Kushoto

Kijiwe chetu ni benchi moja refu ubavuni mwa kibanda cha fundi viatu, pamoja na birika la kahawa. Hapo hatujui mengi, ila hatukosi jibu. Leo tulimkuta Waya, fundi kompyuta wa hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, ameshika kikombe na hanywi. Asubuhi seva inayotunza habari za wagonjwa ilizimika akiwa anaitengeneza, foleni ikafika getini, na mchana huu anatakiwa kwa mkuu. Nilimwonea huruma kwelikweli, lakini huruma ya kijiweni haimfungi mtu mdomo.

— Seva ina pawasaplai mbili, Waya akasema. Zote zinailisha umeme. Moja ikifa, nyingine inabeba mzigo wote. Unachomoa mbovu, unachomeka mpya, huzimi kitu. Ndivyo nilivyofanya, ikazimika!

Profesa, kinyozi wetu, akatikisa kichwa.

— Mshika mbili moja humponyoka. Mngeweka moja tu.

— Na hiyo moja ikifa je, Profesa?

— Kwani hizo mbili zimekusaidia nini?

Dalali wa vyumba akadakia.

— Huo ni wivu. Fahali wawili hawakai zizi moja. Mmoja kaona mgeni analetwa mahali pa mwenzake, kasusa.

— Chuma kinasusa, Dalali?

— Pikipiki yangu inasusa kila Jumatatu.

— Nyie hamjui kitu, Profesa akasema. Umeme ni mazoea. Umezoea njia mbili, ukiubania moja unarudi ulikotoka, mpaka bwawani. Ndiyo maana maji ya bomba yanatoka na tope.

— Maji yameingiaje hapa?

— Si bwawa ni lile lile!

Waya hakucheka. Alisema ameshamwambia mkuu kwamba seva ni mbovu, na mkuu ameshamtukana aliyewauzia. Huyo naye yuko njiani anakuja.

— Jamani, ninaogopa. Kazi hii ndiyo inayosomesha wadogo zangu.

Dada mmoja aliyekuwa akingoja kiatu chake kishonwe, mguu mmoja peku, akageuka.

— Samahani, kaka. Ulijuaje ipi ndiyo mbovu?

— Kioo cha mbele ya seva kinaonyesha, dada. Mbili zimechorwa pale, ya kushoto ikawa nyekundu. Nikazunguka nyuma, maana huko ndiko zinakochomolewa, nikachomoa ya kushoto.

— Kushoto ya ukiwa mbele, au ya ukiwa nyuma?

Dalali akainua mkono wa kushoto, akajigeuza pale pale kwenye benchi, akautazama mkono wake, sasa uko upande wa pili, akaushusha taratibu. Fundi viatu akaacha kugonga.

Simu ya Waya ikaita. Aliitazama, akatutazama sisi, mmoja mmoja.

— Ni mkuu, akasema. Yule muuzaji ameshafika.

Ikaendelea kuita. Benchi zima, sisi tusiokosa jibu, tukainamia vikombe vyetu.