"Mtaje": Wimbo Uliopangwa kwa Mashine ya Mzee

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo hatuna haraka. Tunamkumbuka mpiga gitaa na mwimbaji tuliyezoea kumwita Randa, aliyetutoka wiki iliyopita baada ya kuugua mapafu. Tunamkumbuka kwa wimbo wake mmoja. Wimbo wenyewe ni "Mtaje".

Najua, najua. Kila tukiupiga, simu zinamiminika. Mama mmoja aliwahi kuniuliza hewani, "Mwanangu, huo ni muziki au kuna kitu kimeungua huko studio?" Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Ni roki nzito, mama, ile ya kukwaruza wanayoiita granji. Inaanza kwa kunong'ona, halafu inakuangukia.

Hebu tuufungue kidogo. Gitaa linahama kati ya sehemu mbili tu, huku na kule, kama mtu anayezunguka chumbani asipate pa kukaa. Ngoma zinachelewa makusudi. Sauti ya Randa iko chini kabisa, karibu na kuongea. Halafu kila kitu kinanyamaza, na kiitikio kinapasuka: "Baba, mtaje!" Maneno mawili, basi. Na gitaa zima limeshushwa, nyuzi zimelegea hadi zinanguruma. Giza la wimbo linatoka hapo. Wengi walidhani ni ufundi wa hali ya juu. Wapi! Lilikuwa kosa.

Randa alikulia nyuma ya karakana ya baba yake, seremala. Kaka yake mkubwa ndiye aliyemfundisha gitaa. Hawakuwa na kifaa cha kupangia nyuzi, kwa hiyo walitumia mashine ya mzee ya kuranda mbao. Ikinguruma, unalegeza uzi mnene mpaka ulingane nayo. "Mashine ya baba haikosei," kaka alimwambia. Kumbe inakosea! Beringi zilikuwa zimechakaa, mashine inazunguka kivivu, na vijana wale wakawa wanapiga chini kuliko dunia nzima bila kujua.

Kisha kaka akafariki. Aligombana na baba yake asubuhi, akaondoka na pikipiki, hakurudi. Tangu siku hiyo mzee hakumtaja tena. Hakumtaja mezani, hakumtaja hata makaburini. Dada yao anasema, "Mtu akianza tu habari za kaka, baba anainuka. Sisi tukazoea. Randa ndiye aliyekataa kuzoea." Hicho ndicho chanzo cha wimbo, wasikilizaji. Hakuna mapepo, hakuna mpenzi aliyetoroka. Ni mtoto anamwomba baba yake amtaje kaka yake.

Randa na bendi yake walipokwenda kurekodi, fundi mitambo alilisikia lile gitaa akashika kichwa. Akalipanga vizuri, kitaalamu. Wimbo ukaharibika. Ukawa mchangamfu, msafi, na sauti ya Randa ikawa inakwama juu. Mpiga besi aliniambia, "Tulisikiliza, tukatazamana. Haukuwa wetu tena." Wakabeba vyombo vyao wakarudi karakana.

Mzee alikuwa anapanga mbao. Randa akamwambia, "Shikamoo, baba. Naomba utuwashie mashine." Mzee hakuuliza kwa nini. Akawasha, akasimama pale mkono kwenye swichi mpaka nyuzi zikakubaliana, akazima. Randa akasema, "Kaa basi, usikilize." Mzee akachukua kofia yake akatoka nje.

Miaka yote ikawa hivyo hivyo. Akiombwa, anawasha. Wimbo ukianza, anatoka. Jukwaani Randa alikuwa akitania kwamba ana fundi wa sauti asiyetaka kusikia sauti, na watu wakicheka. Dada yake anasema nyumbani hakuwa anacheka. Alitaka kitu kimoja tu, baba yake ausikilize wimbo mpaka mwisho, naye akaondoka bila kukipata. Inauma. Sina namna nyingine ya kuisema.

Kwa mzee, kwa dada mtu, kwa mpiga besi na wenzake wote: poleni sana, jamani. Tuko nanyi. Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna mtu mliyekubaliana kutomzungumzia, jiulize ni nani anaumia kwa kimya hicho.

Maana jana mzee alinipigia simu mwenyewe. Alisema waombolezaji walipotawanyika, alimwomba binti yake amwekee ule wimbo, akakaa nao mpaka ukaisha.

"Mwanangu mkubwa," akasema, "alikuwa hajui kufunga mlango bila kuubamiza. Nilimgombeza kila siku. Hata siku ile nilimgombeza."

Akaendelea. Jinsi alivyopenda kulala sakafuni, jinsi alivyoimba akipaka rangi, jinsi alivyombeba mdogo wake mabegani wakizunguka karakana. Alinisimulia yote, mimi mgeni kabisa, nami sikumkatiza. Mwishoni akaniuliza, "Haya ndiyo mdogo wake alikuwa anayataka, eti?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mzee. Haya haya."