Mlinzi wa Lango la Bwawa la Nne

Ijumaa, tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kuhangaika na majitaka ya kinu chetu cha mawese, Mama Nkoyo Ekpenyong anastaafu. Kamati ya kumuaga iliniomba niandike kitu cha kuchekesha. Nitajaribu, ingawa moyo hauko huko.

Aliajiriwa kufagia makapi ya chikichi, akapanda hadi msimamizi wa mabwawa manne ambamo majitaka huoza na kutulia mpaka yafae kwa samaki na mboga za Ikot Edung, kijiji cha bondeni. Kuwapa wanakijiji maji hayo lilikuwa wazo lake. Walikataa katakata! Basi akavua kambale wa bwawa la nne, akawapikia supu ya pilipili mbele ya kanisa, akala peke yake huku jasho likimtiririka. Dada yake, Afiong, akamtania, "Kula tu, mdogo wangu, jeneza tutachanga!" Afiong huyo huyo ndiye aliyetangulia kuchimba bwawa la samaki.

Ukaja msimu wa mavuno makubwa. Mabwawa yakafurika, wakubwa wakataka lango la bwawa la nne, linaloteremsha maji bondeni, lifunguliwe. Siku hizo maji tuliyapima kwa kambale: akiwa hai, maji yamefaa. Kambale walikuwa hai, Nkoyo akafungua. Kumbe kambale huibuka akavuta hewa, huishi hata topeni. Bondeni walifuga perege, ambaye hawezi hayo. Kulipokucha, bwawa la Afiong lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki, na ya jirani zake vivyo hivyo.

Nkoyo alishuka akaokota mizoga pamoja nao. Afiong hakumtukana. Alimwambia tu, "Uliniambia nikuamini." Binti wa Afiong aliacha shule mwaka ule kwa kukosa karo. Dada hao hawakula sahani moja tena, na mwaka juzi Afiong alifariki. Inauma, jamani.

Tangu hapo bwawa la nne likawekwa perege. Wakionekana wakihema juu ya maji, lango halifunguliwi, hata meneja apasuke. Safari moja Mama alikalia gurudumu la lango, mwamvuli mkononi, akitafuna karanga, mpaka meneja akasimamisha mashine mwenyewe. Bondeni hakujafa samaki tena kwa maji yetu.

Sasa mashine za kukamua zimeongezwa, mabwawa ni yale yale, na ufunguo wa lango unakwenda idara ya uzalishaji. Nasema wazi, naogopa. Jana wanawake wa Ikot Edung walikuja kumuaga na viazi vikuu na vitenge. Binti wa Afiong alimshika mkono, akamuuliza, "Mama mdogo, baada yako ni nani?" Sote tulikuwepo.

Mama Nkoyo, ahsante kwa ubishi wako wote. Tunakuombea mapumziko mema, afya na usingizi wa kutosha. Ila usishuke bondeni wiki hii. Tangu alfajiri wanawake wanavua perege wao, wangali wadogo kama kiganja cha mtoto, wamalize kabla ya Ijumaa.