Sweta za Kupeleka Pangani

Mwaka 1979, ndani ya basi la kwenda uwanja wa ndege wa Heathrow, London, nilikaa nyuma ya Rasik, Mhindi mwenye duka mtaa wa Hayes, na Suad, mama wa Kizanzibari. Hawakuwa wakijuana, lakini Kiswahili kiliwakutanisha, wakatajiana majina. Rasik alikuwa anarudi Pangani mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja, kumwona dada yake, Bhanu. "Aliolewa na fundi cherehani Mwislamu, nikakataa kwenda harusini. Barua zake zote sikujibu. Sasa nampelekea sweta nne."

"Sweta, Pangani? Wataka kumchemsha?" Suad alicheka. "Ukifika, mwombe radhi kwanza."

"Niombe mimi? Aliondoka bila ruhusa ya baba!"

"Na baba yenu yuko wapi?"

"Alishafariki."

"Basi unamgombea nani, ndugu yangu?"

Nami, nisiyehusika, nilijikuta nasubiri jibu. Basi likasimama kwenye jengo la kwanza la abiria. Rasik akashuka na sanduku lake, kisha akarudi mlangoni. "Na akilia, mama?"

"Mwache alie. Nawe ulie, usione haya. Huko hakuna Mwingereza wa kukutazama."

Dereva akafunga mlango.