Mwalimu Herménégilde Nizigama, aliyetufundisha baraka na laana

Ndugu, jirani na marafiki mliokuja hapa Sange kulia pamoja nasi, familia imenituma mimi Thierry Bigirimana, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu, na familia imekubali yasomwe yote, hata yanayouma, kwa maana yeye mwenyewe aliomba hivyo.

Mwalimu Herménégilde Nizigama alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Luvungi, mtoto wa tatu wa mzee Ngendakumana, mkulima wa mpunga, na mama Libérate. Alianza shule ya msingi hapo hapo Luvungi mwaka 1958, akaiacha mwaka 1964 wakati wa maasi, mama alipotukimbiza milimani Bijombo, akaimaliza mwaka 1967, na mwaka 1972 parokia ikamtuma kusomea ukatekista, hata mwaka 1974 akawa mwalimu wa dini wa kikanisa cha Luvungi, asubuhi jembe, jioni katekisimu.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na Louise, binti wa hapa Sange, wakajaliwa watoto wanne, Félicien, Sidonie, Étienne na Victoire.

Wote aliowafundisha wanajua sura aliyoipenda kuliko zote, ile ya Musa akiwawekea watu baraka upande huu na laana upande ule, kwamba anayetii agano atabarikiwa shambani na nyumbani, na anayeasi atalaaniwa huko huko. Aliijua kwa moyo, aliiamini bila kubakiza, na maisha yalikuwa kama yanamshuhudia, maana mpunga wake ulistawi, pombe hakunywa, na mgeni hakulala njaa mlangoni pake.

Vita ilipofika Oktoba 1996 alikimbia na nyumba yake yote, na Januari 1997 wakarudi wote sita, wakakuta hata mabati bado yako juu ya nyumba. Katika mbio zile zile jirani yake Capitoline, mjane, alipoteza watoto wake wawili kwenye maji ya mto Ruzizi, Délice wa miaka saba na Itangishaka wa miaka minne. Jumapili tarehe 19 Januari, padri akiwa hajarudi, kaka yangu aliongoza sala, akasoma sura yake, akamshukuru Mungu huku analia, kisha akasema, "Sisi tumerudi wote sita, kwa sababu nyumba yangu ilishika agano. Capitoline naye ajiulize ni wapi aliliacha." Watu walijua kwamba mama huyo aliishi na marehemu mumewe bila ndoa ya kanisa. Capitoline alisimama, akakaza kitenge chake, akatoka, na kanisani hakuonekana tena. Jioni Louise akamwambia mumewe, "Baba Félicien, ile neno haikutoka kwa Mungu, imetoka katika furaha yako," naye akajibu kwamba hakuongeza kitu juu ya yaliyoandikwa.

Vita ya pili ilianza Agosti 1998. Tarehe 27 Oktoba watu wenye silaha waliwakuta Félicien na Étienne katika mpunga, wakawaua wote wawili, na baba yao akawazika kwa haraka ukingoni mwa shamba, akapanda Bijombo na waliobaki. Huko Louise alikufa kwa kuhara tarehe 3 Februari 1999, bila dawa, na waliomzika walikuwa watu wawili tu. Mwezi uliofuata Sidonie aliteremka bondeni na wanawake wengine kutafuta mihogo, wao wakarudi, yeye hakurudi, na kwa hiyo katika historia hii familia haina tarehe ya kusoma juu yake, wala kaburi la kuwaonyesha.

Kaka yangu aliteremka hapa Sange na Victoire peke yake, na watu wakaanza kusema chini chini kwamba sasa mwalimu ajiulize. Alijiuliza. Alipekua maisha yake tangu utoto, mwaka mzima na zaidi, na kila mara alifika kwenye Jumapili ile.

Juni 2001 tulitembea naye siku mbili mpaka Luvungi, tukamkuta Capitoline akimenya mihogo mbele ya nyumba, akatupa viti, lakini kaka akapiga magoti na kusema, "Mama, nilikulaani mbele ya watu, na Mungu amenilipa sawasawa. Unisamehe." Yule mama alimaliza kwanza muhogo uliokuwa mkononi. "Ondoka chini, mwalimu," akasema. "Ile siku ulinifanya kama minye mwenyewe ndiye niliwaua watoto yangu, na ile iko ndani mpaka leo. Lakini minye sitasema ile neno unataka. Kama nakusamehea leo, itakuwa watoto yako walikufa juu ya kulipa wangu, na minye nakataa. Wangu walikufa juu ya maji. Wako walikufa juu ya risasi. Weye si mkubwa vile, Mungu aue watoto juu ya kinywa chako."

Mimi niliyasikia maneno hayo kama huruma, lakini yeye hakuweza kuyabeba, na njiani aliniambia, "Kama ingekuwa laana, ningejua pa kuomba. Sasa wanangu wamekufa bure." Tangu siku hiyo aliacha kufundisha, misa hakukosa, ila alikaa kiti cha nyuma, kinywa kimefungwa, hata katika nyimbo.

Agosti 2002 alianza kukohoa damu, ikajulikana ni kifua kikuu, akaanza dawa, lakini Oktoba mapigano yalifunga barabara ya Uvira na dawa zikakatika. Victoire alipomwuliza kama amwitie padri, alijibu, "Mwite, lakini asinieleze kitu." Alikufa tarehe 11 Februari 2003, saa nne asubuhi, katika kituo cha afya, akiwa na miaka hamsini na mmoja, na anamwacha binti mmoja.

Familia inawashukuru waganga wa kituo cha afya waliomhudumia mikono mitupu, jirani waliomchukua kwa machela, makatekista wenzake, na padri aliyempaka mafuta matakatifu na kweli hakumweleza kitu. Mama Capitoline amefika jana kwa miguu, amekaa na Victoire kwenye mkeka, na ameomba tusimshukuru.

Kaka, ulipotusomea laana zile ulituambia tuitikie Amina kila moja, na tuliitikia, wadogo kwa wakubwa, bila kujua tunachokubali. Leo hatuitikii. Pumzika, mtoto wa mama, na amani ambayo hakuna aliyeweza kukupa hapa, uikute huko, kama iko.