Msiseme Amina Kwanza

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango! Mimi ni Mama Joyce wa Awindiri, mnanijua, yule anayeegesha pikapu ya zamani kando ya ukuta wa kanisa. Leo nataka kuwaeleza jinsi Mungu alivyotuokoa kwa sala ndefu.

Pikapu hiyo ilikuwa ya marehemu mume wangu, Baba Joyce. Yeye alikuwa Mkakwa wa Lobule, mtoto wa dereva wa jeshi. Mimi ni Mlugbara wa hapa Arua, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Jamani, siku zile! Jumamosi alinipeleka barabara ya Inde kunifundisha kuendesha, asubuhi, kabla soko halijajaa. Madirisha wazi, yeye anacheka, mimi jasho linanitoka.

Hakuna kitu alichopenda kunifundisha kuliko breki. "Mama Joyce, mguu yako isiruke kama kuku! Kanyaga pole pole." Breki zikilia chuma kwa chuma, alisema, pedi zimekwisha, usingoje. Pedali ikiwa laini kama unakanyaga enya, ule ugali wetu wa muhogo, ujue hewa imeingia kwenye mafuta ya breki. Gari likivuta upande mmoja ukifunga breki, gurudumu moja linabeba kazi ya wenzake. Mimi nilisikiliza nusu nusu, maana nilikuwa naipenda tu sauti yake.

Tena alikuwa na desturi yake. Kabla ya safari tulisali ndani ya gari, kama tunavyofanya sote. Lakini yeye aliwasha injini kwanza, akakanyaga breki, akaushikilia mguu hapo hapo mpaka amina. Nilimwuliza kama huko ndiko kusali.

"Mungu iko anasikia," akasema. "Mimi pia niko nasikia breki. Pedali ikikaa juu mpaka amina, tunaenda. Ikizama, hakuna amina."

Baba yake mdogo, mzee Eliya wa Lobule, ndiye aliyekuwa akituombea tukitoka kule. Mzee Eliya akianza kusali, chai inapoa! Anaombea kila mtoto kwa jina, anaombea mbuzi, anaombea mvua, anaombea wasafiri wa Kongo. Baba Joyce, mguu kwenye breki, aliniinamia sikioni: "Huyu akimaliza, petroli pia itakuwa imekwisha." Ningetoa chochote nimsikie tena akininong'oneza hivyo.

Ndugu zangu, Baba Joyce aliugua. Tuliomba, tukafunga, akafa. Nasema wazi mbele yenu: tangu siku ile neno amina lilinikwama kooni. Nilikuja hapa, niliimba, lakini wenzangu waliposema amina mimi nilifunga mdomo. Pikapu ilikaa uani, kuku wakataga mayai nyuma yake. Mara nyingine niliingia nikakaa kwenye kiti chake, nikashika usukani, nikanusa koti lake lililobaki mle, halafu nikarudi kupika.

Siku moja simu ikatoka Lobule. Mama mkwe wangu alikuwa anaumwa macho, hayaoni tena, na hakuna wa kumleta hospitali Arua. Nikawafukuza kuku, nikawasha pikapu, nikasema tu "Bwana, twende," nikaondoka. Njiani breki zilishika kila nilipokanyaga. Karibu na Koboko nikaona pedali inashuka kidogo kuliko zamani, nikadhani ni mguu wangu umesahau.

Kesho yake, kule Lobule, tukapakia. Mama mkwe akakaa mbele pamoja nami, wifi yangu na kichanga chake nyuma kati ya magunia ya karanga. Mzee Eliya akaweka mkono juu ya boneti, akaanza. Jamani! Jua likapanda. Mama mkwe akaguna, "Eliya, Mungu amesikia, wacha mutoto aende." Wapi! Na mimi, injini ikinguruma, mguu wangu ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye breki kama nilivyofundishwa.

Mzee alikuwa amefika kwa wasafiri wa Kongo niliposikia pedali inazama. Pole pole, bila kelele yoyote. Nikaachia, nikakanyaga tena, ikawa juu. Nikashikilia. Ikazama mpaka ikagusa sakafu. Na mbele yetu njia ilikuwa inateremka moja kwa moja hadi darajani, watu wanapita, baiskeli zimebeba muhogo.

"Msiseme amina!" nikapiga kelele. "Jamani, msiseme amina kwanza!"

Fundi alikuja kwa pikipiki kutoka Koboko, akalala chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa. "Mama, huku chini iko kavu, mafuta haivuji. Ugonjwa iko ndani. Raba ya masta silinda, ile pampu ya breki, imekwisha, mafuta inarudi nyuma. Ukikanyaga haraka inashika. Ukikanyaga ukae, inazama." Akabadilisha raba, akamwaga mafuta yaliyokuwa meusi kama chai ya jana, akatia mapya, akaniambia nikanyage na kuachia mpaka hewa yote ikatoka.

Mnaona, ndugu zangu? Sala fupi isingeionyesha breki ile! Ingefika amina pedali ikiwa bado juu, nasi tungeteremka. Sala ndefu ya mzee mmoja, na desturi ya mtu aliye kaburini, Mungu alizikutanisha chini ya mguu wangu. Na mimi nilidhani hanisikii!

Tukapanda tena. Mzee Eliya akaanza upya tangu mwanzo, hakuruka hata mbuzi. Pedali ikashuka kidogo, ikasimama, ikakaa. Nikakumbuka ule mnong'ono wa petroli, nikacheka, na kicheko kikageuka machozi. Mama mkwe, amefumba macho, akapapasa mpaka akapata goti langu.

"Iko juu, mwanangu?"

"Iko juu, mama."

"Basi, sema."

Nikasema amina. Lilitoka kwa sauti, kanisa! Nililia mpaka tukaingia Koboko.

Mama alitibiwa, leo anaona, ameketi pale mbele. Ndugu yangu ambaye neno hilo limekukwama, usijilazimishe, lakini usiondoke garini. Mtegemee Bwana, endelea kushikilia, yeye hajamaliza na wewe. Asanteni kunisikiliza. Na mzee Eliya mwenyewe amekuja nasi, ndiye atakayetufungia kwa sala. Nawaomba, ndugu zangu, msimharakishe.